Beetle ya mwaka gani? Hesabu tarakimu za chasi kabla ya kutazama taa

Swali: Habari za kazi, fundi. Kuna Volkswagen Beetle inauzwa hapa Morogoro na nimeipenda. Kadi inasema ni ya 1967. Namba ya chasi inaanza na 117, na muuzaji anashikilia kwamba hiyo 7 ndiyo ushahidi. Lakini taa za nyuma ni zile kubwa za mviringo, indiketa za mbele zimo ndani ya bampa, na injini ina herufi AD. Fundi wa mtaani kwetu anasema hakuna Beetle ya 1967 ya namna hiyo. Nani mkweli? Na nikiinunua, spea za miaka mingine zitaingia?

Jibu: Ndugu msomaji, kila mmoja anaweza kuwa na ukweli wake. Umeacha jambo moja tu, na hilo ndilo linaloamua: namba hiyo ina tarakimu ngapi?

Kuanzia Agosti 1964 Volkswagen waliingiza mwaka wa modeli ndani ya namba ya chasi. Tarakimu mbili za kwanza ni aina ya gari: 11 ni Beetle ya kawaida, 15 ni ile ya turubai. Ya tatu ni mwaka. Baada ya hapo zinafuata sita za mfululizo, jumla tisa. Ilipofika Agosti 1969 mwaka ulirudi kwenye 0, kwa hiyo wakachomeka tarakimu 2 baada ya zile tatu za mwanzo, jumla zikawa kumi. Maana yake, 117 yenye tarakimu sita baada yake ni modeli ya 1967, na 117 yenye 2 kisha tarakimu sita ni modeli ya 1977. Usiridhike kuona 2 baada ya 117, maana hata gari la 1967 linaweza kuwa na 2 hapo kwa bahati ya mfululizo. Hesabu zote, moja moja.

Mwaka wa modeli wenyewe unaanza Agosti, kiwanda kinaporudi likizoni. Gari lililotoka Septemba 1966 ni modeli ya 1967, na lililotoka Septemba 1967 ni modeli ya 1968, ambayo kwa sura ni gari jingine kabisa. Ubishi mwingi wa "ya mwaka gani" unatokana na hapo.

Usiisome namba kwenye kadi pekee. Nyanyua kiti cha nyuma utazame juu ya ule mgongo wa bati unaopita katikati ya sakafu, karibu na kifuniko kidogo cha kiungo cha gia. Namba imegongwa pale. Safisha kwa brashi na mafuta ya taa, kisha paka chaki isomeke. Usipige msasa wala grenda: namba haina kina, na bati lililong'arishwa mahali hapo litakuletea maswali siku ya kuhamisha umiliki TRA (kwa Kenya, NTSA). Linganisha na kibati kilicho chini ya boneti ya mbele. Namba mbili zikitofautiana, chasi na bodi havikuzaliwa pamoja.

Hilo linawezekana kirahisi kuliko kwa magari mengi. Bodi ya Beetle imefungwa juu ya sakafu kwa bolti, nyingi za spana ya 13, zilizopangwa pembeni kote. Zikifunguliwa, na nyaya, stelingi, paipu ya breki na ya mafuta zikitolewa, bodi nzima inanyanyuliwa. Madigadi nayo ni ya bolti, na bampa pia. Injini inashikwa na bolti nne tu za spana ya 17. Ndiyo maana dalili ulizonitajia, taa, indiketa na herufi za injini, ndizo dhaifu kuliko zote: kila moja inaweza kubadilishwa gereji kwa siku moja.

Tazama vitu vilivyokandamizwa kwenye bati la bodi lenyewe. Cha kwanza ni mdomo wa kujazia petroli. Hadi Julai 1967 unafungua boneti ndipo unafikia tangi. Kuanzia Agosti 1967 kuna kifuniko kidogo nje, upande wa kulia, mbele ya mlango. Cha pili ni matundu ya hewa yenye umbo la mwezi mwandamo, nyuma ya vioo vidogo vya pembeni. Yalianza Agosti 1970. Cha tatu ni kioo cha nyuma, kilichoongezwa urefu wa kwenda juu kwa sentimita 4 Agosti 1971. Bodi yenye vyote vitatu haikutoka kiwandani 1967, hata kadi iseme nini.

Kioo cha nyuma ndicho kinachosimulia historia ya gari hili kwa ufupi. Magari ya mwanzo yaliyotoka Wolfsburg baada ya vita yalikuwa na vioo viwili vidogo vilivyotengwa na bati. Machi 1953 bati likaondolewa, kikabaki kimoja cha umbo la yai. Agosti 1957 kikaja kikubwa cha pembe nne, na Agosti 1964 vioo vyote vikapanuliwa kwa kukondesha nguzo zake. Umbo la jumla halikuguswa, ndiyo maana mtu asiyezoea huyaona yote kuwa gari moja.

Badiliko kubwa kuliko yote kwa mnunuzi ni la Agosti 1967. Kabla ya hapo taa za mbele zimelala nyuma chini ya kioo kilichoinama, na bampa ni jembamba lenye mikunjo. Baada ya hapo taa zimesimama wima, bampa ni bapa, nene na liko juu zaidi, boneti na kifuniko cha injini ni vifupi, umeme wa modeli za kawaida ni volti 12 badala ya 6, na breki zina njia mbili, hivyo mpira mmoja ukipasuka bado unabaki na magurudumu mawili ya kushika. Toleo la bei nafuu la injini ya 1200 (sentimita za ujazo) liliendelea na volti 6 kwa muda, kwa hiyo usihukumu umeme kwa kutazama taa. Fungua betri: vifuniko vitatu ni volti 6, sita ni volti 12.

Agosti 1970 familia iligawanyika, na hapa ndipo wanunuzi wanapoumia. Upande mmoja ulibaki na ekseli ya mbele ya mabomba mawili yenye vyuma vya kujipinda ndani. Upande wa pili, 1302, ulipewa nguzo za shokamzoba za MacPherson, pua ndefu zaidi, na nafasi ya mizigo mbele ikapanda kutoka lita 140 hadi 260. Agosti 1972 hiyo ikawa 1303, yenye kioo cha mbele kilichopinda, dashibodi nene na taa za nyuma kubwa za mviringo kama hizo ulizoziona. Baadaye taa hizo zilishushwa hadi kwenye modeli za kawaida. Indiketa ziliingia kwenye bampa Agosti 1974. Chasi za 1303 zinaanza na 13, si 11. Kujua kioo kimepinda au la, weka rula ndefu kwa ulalo juu yake. Ikigusa kote, ni bapa.

Sasa turudi kwa gari lako. Ukikuta tarakimu kumi, ni Beetle ya 1977, dalili zako zote za bodi zinakubaliana, na aliyeandika kadi alikosea mwaka. Gari si baya kwa hilo, ila mwambie muuzaji arekebishe kadi kabla hujalipa, si baada. Ukikuta tisa, una chasi ya 1967 yenye bodi ya baadaye, au bodi ya 1967 iliyovishwa madigadi na bampa za baadaye. Mdomo wa petroli utakuambia ni ipi.

Katika hali hiyo ya pili, lala chini ya gari. Hesabu bolti za tairi: tano ni mfumo wa zamani, nne ni ule ulioenea kuanzia Agosti 1967, ingawa 1500 yenye diski mbele ilikuwa nazo mwaka mmoja kabla. Tazama ekseli ya mbele. Ikiwa na kingipini zenye nipeli za grisi, ni ya kabla ya mfumo wa boljointi ulioletwa na 1300 Agosti 1965, na chasi ya 1967 ya 1300 au 1500 haipaswi kuwa nayo. Kisha tazama silinda kuu ya breki. Ikiwa ya njia moja, panga kuweka ya njia mbili kabla ya kufikiria rangi. Ukiifunga, acha takribani milimita 1 ya uhuru kati ya fimbo ya pedali na pistoni. Fimbo ikibana, mafuta ya breki hayarudi, breki zinashika zenyewe zikipata moto, na fundi atabadilisha dramu bure akitafuta kosa lisilokuwepo.

Injini ya AD ni 1600 ya nguvu za farasi 50, iliyokuja Agosti 1970. Gari la 1967 lilipaswa kuwa na D (1200), F (1300) au H (1500). Kwa uzuri wa kuendesha, AD ni faida. Kwa kadi, hakikisha namba iliyogongwa kwenye injini, chini ya kikalio cha jenereta, ndiyo iliyoandikwa. Hata bila kusoma herufi utaitambua: kila hedi inapokea hewa kwa matundu mawili, na bomba la kabureta limeungwa kwa mipira kila upande. Mipira hiyo ikipasuka injini inavuta hewa ya pembeni, inapanda na kushuka ikiwa sailensa (bila kukanyaga mafuta) na kukohoa ukikanyaga mafuta. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyiza maji kidogo hapo. Mlio ukibadilika, umepata tobo.

AD ikiwekwa kwenye gari lililozaliwa na volti 6, kagua flaiwili. Ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina 130 na ni kubwa zaidi, kiasi kwamba kasha la giaboksi la zamani linahitaji kukwanguliwa ndani ipite. Bushi ya stata iliyo kwenye kasha nayo ni tofauti. Mafundi wengi huacha flaiwili na stata ya volti 6 na kuilisha volti 12. Inawasha kwa nguvu kweli, lakini meno yanaliwa. Ukisikia kishindo cha chuma kila unapowasha, gharama hiyo ni yako.

Kuhusu spea, kanuni yangu ni kuuliza sehemu hiyo iliendelea kutengenezwa wapi baada ya Ujerumani kuacha. Kiwanda cha Emden, Ujerumani, walimaliza Beetle ya paa la bati Januari 1978, lakini Puebla, Mexico, waliendelea hadi Julai 30, 2003, wakiwa na kioo bapa na ekseli ya mabomba. Kwa hiyo vioo, milango, boneti fupi, boljointi na karibu injini yote ya 1600 ya modeli za kawaida vilibaki sokoni muda mrefu. Brazil walibaki na vioo vidogo vya mtindo wa kabla ya Agosti 1964 hadi walipofunga 1996, jambo linalomsaidia mwenye gari la zamani zaidi. Kioo cha 1303 hakikurithiwa na yeyote. Mimi ningeikataa 1303 yenye ufa kwenye kioo cha mbele hata ikiwa nusu bei, labda kama muuzaji anacho kingine mkononi.

Ndani ya injini, 1300, 1500 na 1600 zina mwendo mmoja wa pistoni wa milimita 69. Silinda za 1500 (milimita 83) na za 1600 (85.5) zinakaa kwenye matundu yale yale ya kasha, kwa hiyo 1500 iliyochoka hufanywa 1600 kwa kununua seti ya pistoni na silinda. Za 1200 na 1300 zina pistoni za 77, na hizo haziingii hapo. Hedi za tundu moja hazipokei bomba la matundu mawili. Dramu za nyuma nazo zinatofautiana urefu wa shingo, kwa hiyo nenda dukani na ya zamani mkononi.

Kabla ya kutoa pesa, bonyeza kwa kidole gumba, usigonge kwa nyundo, yale makasha marefu ya bati chini ya milango yanayopitisha hewa ya joto. Ndiyo yanayobeba bodi. Yakiwa laini, milango itaanza kushuka, na kuyachomelea gari likiwa halijategemezwa kunaipinda bodi kiasi kwamba mlango haufungi tena. Kisha rudi chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, palipo na betri. Bati la hapo huliwa na tindikali kabla ya mahali pengine popote. Na kama betri ni ya volti 12 ndefu kuliko ya asili, hakikisha ina kifuniko cha plastiki kinachofunika vichwa vyote viwili. Abiria mnene akikaa, springi za kiti hushuka, hugusa vichwa vya betri, na sponji ya kiti inashika moto mkiwa barabarani.