Kumchora Baba wa Rafiki: Maswali Yenu na Majibu

Safari hii barua zimegongana. Wasomaji kadhaa, kila mmoja kivyake, wanataka kumchora mzazi wa rafiki aliyetangulia mbele ya haki. Kazi hiyo nimeifanya mara kadhaa, na ya kwanza niliivuruga. Nitasimulia.

Fundi, picha pekee niliyopewa ni ile ndogo ya kitambulisho, sentimita 3 kwa 4, na rangi yake imegeuka wekundu. Nataka kumtoa kwenye turubai ya sentimita 60 kwa 80. Inawezekana?

Kwa ukubwa huo, hapana. Unaikuza picha mara ishirini. Kosa la milimita moja pembeni mwa jicho litakuwa sentimita mbili, na hapo umeshachora mtu mwingine. Kichwa cha mtu mzima kina kama sentimita 22 au 23 kutoka utosini hadi kidevuni. Wewe kichore kwa sentimita 15 hivi. Turubai ya 30 kwa 40 inakutosha, na uso mdogo kidogo kuliko wa kweli huonekana mtulivu ukutani, wakati uliozidi ukubwa hutisha.

Lakini kwanza rudi kwa familia. Kauli ya "picha ni hii moja tu" mara nyingi si kweli. Kuna picha ya harusi ya mtu mwingine ambamo mzee amesimama safu ya nyuma, nusu ya uso imefichwa na kofia ya jirani. Iombe hiyo hiyo. Haitakupa macho, ila itakuonyesha sikio lilivyokaa, shingo ilivyoingia mabegani, na jinsi alivyosimama pale asipojua kwamba anapigwa picha. Ya kitambulisho inamwonyesha mtu aliyeambiwa asitabasamu.

Ukipata kadhaa, chagua moja iwe bwana wa mwanga, zilizobaki ziwe za kujifunzia tu. Ukichukua pua iliyomulikwa na taa ya kamera ukaipachika kwenye shavu lililomulikwa na dirisha, uso utakataa kukaa pamoja na hutajua kwa nini. Jihadhari pia na picha za simu zilizopigwa karibu mno: pua huvimba, masikio hurudi nyuma.

Huo wekundu usiuamini. Rangi za picha za zamani hazififii kwa pamoja. Moja hukimbia, nyingine hubaki. Kwa rangi ya ngozi, tazama watoto wake. Na tafadhali, zile programu za akili bandia zinazodai kusafisha picha kuukuu zisiwe tegemeo lako. Pale ambapo hakuna kitu, zinabuni. Utaletewa macho maangavu na meno safi, na vyote si vyake.

Sikumwona mzee huyo hata siku moja. Nitamchoraje mtu nisiyemjua?

Kwa kuuliza vizuri. Usimwulize rafiki yako baba alikuwa mtu wa namna gani. Utaambiwa alikuwa mpole na mcheshi, kama marehemu wote. Uliza miwani yake ilikaa wapi puani. Akisikiliza, kichwa alikiinamisha upande gani? Akiwa na hasira, mdomo ulifanyaje? Mikono aliiweka wapi alipokaa? Rafiki yako ataanza kumwigiza bila kujua, na hapo ndipo utamwona mzee. Weka penseli karibu.

Picha isiyo na rangi nayo isikukatishe tamaa. Mwaka 1888 Vincent van Gogh alimchora mama yake, aliyekuwa hai bado lakini mbali, kutoka kwenye picha ya nyeusi na nyeupe. Picha ile isiyo na rangi ilikuwa inamkera, kwa hiyo rangi akazitoa kichwani mwake.

Nimwambie rafiki yangu, au nimshtukize siku ya kumbukumbu?

Mwambie. Mimi nilishtukiza, na ndiyo ile kazi niliyosema niliivuruga. Nilifunua picha mbele ya watu, wakapiga makofi. Binti wa marehemu akanishukuru sana, kisha taratibu akagusa shavu lake la kushoto. Baba yake alikuwa na alama nyeusi hapo. Mimi nilikuwa nimeiweka kulia. Picha niliyoitumia ilisafishwa kinyume, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, nami sikukagua. Siku hizi natafuta maandishi yoyote ndani ya picha, au vifungo vya shati: shati la kiume kwa kawaida upande wa kushoto wa mvaaji hulala juu ya wa kulia.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi ya alama. Zipo familia ambazo kwa imani yao hazitundiki sura ya marehemu, na wapo watu ambao kidonda bado kibichi, hawawezi kukutana na macho hayo kila wakipita sebuleni. Hayo si ya kuyajua siku ya kufunua. Mwonyeshe rafiki mchoro wa penseli mapema, wakati kufuta bado ni rahisi.

Kumbukumbu ni wiki tatu zijazo. Rangi za mafuta au akriliki?

Akriliki, ile inayochanganywa na maji. Inakauka kwa dakika chache, ila kumbuka inakolea kidogo ikikauka, kwa hiyo changanya iwe nyepesi kiasi. Rangi ya mafuta inaweza kuchukua siku nyingi hata kukauka juu tu, na vanishi ya kawaida ya mwisho husubiri miezi sita hadi mwaka. Ukitaka mafuta, yaweke juu ya akriliki iliyokauka. Ukifanya kinyume, akriliki juu ya mafuta, rangi itabanduka.

Mzee alikuwa mweusi. Kila nikichora ngozi inatoka ya kijivu, kama maiti! Nakosea wapi?

Bila shaka unatumia nyeusi kwa vivuli na nyeupe kwa mwanga. Ondoa nyeusi mezani. Changanya kahawia iliyokolea iitwayo amba na samawati ya altramarini. Utapata giza lenye uhai, ambalo unaweza kulipeleka kwenye joto au ubaridi upendavyo. Unapopandisha mwanga, tangulia na manjano ya udongo iitwayo oka au rangi ya chungwa, nyeupe ije mwisho na kidogo sana.

Halafu tazama vizuri zile sehemu zinazong'aa, paji la uso na mfupa wa shavu. Mtu akiwa kivulini chini ya anga wazi, mng'ao wake una usamawati. Kando ya taa ya manjano, unakuwa wa dhahabu. Ngozi nyeusi inapokea rangi ya mahali ilipo, na mchoraji akishaliona hilo hachoki kuichora.

Mwaka wake wa mwisho alikonda sana kwa ugonjwa. Nichore umri gani?

Anayeipokea picha ndiye achague. Mara nyingi watoto humtaka baba wa miaka yao ya utotoni, na mjane humtaka yule wa kabla ya ugonjwa. Ila usichukue sura ya kijana ukaipaka mvi tu: uzee hurefusha masikio na ncha ya pua, na kope za juu hushuka.

Nimemaliza. Mama wa rafiki yangu ameitazama akasema, "Ni nzuri, mwanangu, lakini si yeye." Nimeishiwa nguvu.

Pole. Neno hilo linauma, ila mama huyo amekusaidia. Wengi husifu tu, kisha picha inaishia nyuma ya kabati.

Usimwulize kosa liko wapi, hawezi kulisema. Funika mdomo wa picha kwa kiganja, umwulize: sasa yupo? Kisha funika macho. Atakapoguna ndipo pa kushughulikia. Kwa uzoefu wangu ni pembe za mdomo. Umezipandisha kidogo ili mzee apendeze, na yeye hakuwa akitabasamu hivyo. Kama tatizo si mdomo, pima: macho hukaa karibu nusu ya urefu wa kichwa, na wengi wetu huyapandisha juu tukala paji la uso. Geuza picha na turubai juu chini, uvilinganishe. Kosa lililojificha wiki nzima litajitokeza hapo.

Rekebisha pamoja naye, amekaa kando yako kama atapenda. Usishangae akianza kukuelekeza kwa kidole.

Nitie saini?

Ndiyo, ndogo, chini pembeni, rangi ikaribiane na ya nguo. Jina la mzee na mwaka uliomchora viandike kwa penseli nyuma, kwenye mbao za fremu. Usiandike kwenye kitambaa chenyewe. Mkandamizo unaweza kutokea mbele.