Mafunzo ya usalama wa mtandao kazini: yanayokusubiri wewe unayeanza

Wiki yako ya kwanza, pamoja na fomu za benki na picha za kitambulisho, utaletewa barua pepe yenye kiungo cha mafunzo ya usalama wa mtandao na tarehe ya mwisho ya kuyamaliza. Wadogo zangu wengi wanaoanza kazi huniuliza kama huo ni mtihani wa kumfukuzisha mtu. Sio. Nimefanya kazi ya bukingi na hesabu katika hoteli za pwani ya kaskazini ya Unguja kwa miaka 8, mafunzo haya nayapitia kila mwaka, na nataka uyaingie ukijua unakwenda kukutana na nini.

Ni video fupi fupi, kisha maswali ya kuchagua jibu, na kwa kawaida ukikosa unaruhusiwa kurudia. Mfumo unaandika nani kamaliza na nani bado. Ukiiacha video ijiendeshe huku unapiga soga, jina lako litaonesha umemaliza na kichwani hakuna kilichoingia. Lugha mara nyingi ni Kiingereza. Simamisha, rudisha nyuma, muulize mwenzako neno usilolijua. Hakuna aibu hapo. Na tafuta pahala palipotulia, maana kaunta ya mapokezi si pahala pa kujifunzia.

Kitakachokuchosha ni mifano. Utaona ofisi za London au Chicago, milango inayofunguliwa kwa kadi, watu wa suti, na utasema haya hayatuhusu. Usikubali kuishia hapo. Kila mfano uulize: huku kwetu ungekuja kwa sura gani? Yule anayejipenyeza nyuma yako mlangoni, kwetu ni kijana mwenye begi la kompyuta anayesema katumwa na watu wa intaneti, nawe kwa ustaarabu ukamkaribisha mpaka chumba cha mitambo. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" sote tunaujua na tunaupuuza. Lakini maneno yale yale yakija kwenye ankara yenye nembo ya kampuni, tunayaamini.

Mimi niliyaamini. Ilikuwa Ijumaa, saa sita kasoro robo, mwaka wangu wa pili. Meneja keshatoka kwenda msikitini, nami nafunga malipo ya wiki. Ikaingia barua ya muuzaji wetu wa viyoyozi, ndani ya mazungumzo yale yale tuliyokuwa tukiandikiana, ankara ni ile ile: tumebadilisha akaunti ya benki, tunaomba mlipe leo kabla ya saa nane. Nilikuwa naisoma kwenye simu, na simu ilinionesha jina tu. Ningeligusa lile jina ningeiona anwani kamili. Pahala pa herufi "m" palikuwa na "r" na "n" zimebanana, na kwa macho yenye haraka hiyo ni "m" kabisa. Nikalipa shilingi milioni 3 na laki 6.

Jioni muuzaji mwenyewe akapiga simu kuulizia pesa zake. Nikajua. Na hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, mdogo wangu: nikanyamaza. Nilikhofia kazi, nikalala nalo Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumatatu nilipomwambia meneja, benki ikatujibu kwamba pesa zilitolewa Jumamosi asubuhi. Mafunzo nilikuwa nimeyafanya miezi 3 kabla, nikapata 9 kwa 10, na swali la kutoa taarifa mapema nililijibu sawasawa.

Kwa hiyo ukipita kwenye sehemu ya kutoa taarifa, ambayo huwa ya mwisho na fupi kuliko zote, usiiruke. Andika jina la mtu wa kumpigia na namba yake. Ukibonyeza kiungo kibaya saa nne, sema saa nne hiyo hiyo. Hata kama ni mkubwa wako ndiye "aliyeagiza" malipo kwa ujumbe, mpigie. Najua tulivyolelewa, kumhoji mkubwa ni kama kukosa adabu, na matapeli wanalijua hilo vizuri. Kumpigia kuhakikisha ni kumlindia mali yake.

Baada ya mafunzo tegemea barua za majaribio: kampuni yenyewe inakutumia barua ya uongo kuona utafanyaje. Ukinasa, utaoneshwa dalili ulizozikosa na pengine utarudia somo moja. Usichukie. Kuiripoti barua ile kuna faida kuliko kuifuta kimya kimya, kwa sababu mwenzako wa chumba cha pili kaletewa hiyo hiyo.

Mengine ni mepesi. Neno la siri liwe refu, maneno manne yasiyohusiana, lisiwe jina la mwanao. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri peke yake lisitoshe kuingia mpaka uthibitishe kwa njia ya pili. Zile tarakimu 6 za WhatsApp asipewe mtu yeyote, hata ndugu. Meseji ya utapeli ikiingia kwenye simu yako, ipeleke 15040, namba ya mamlaka ya mawasiliano ya kuripotia utapeli. Na picha za paspoti za wageni zisikae kwenye simu yako binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na mgeni aliyetukabidhi paspoti yake ametuamini.

Ukija Jumatatu, kabla hujafungua video ya kwanza, niombe daftari la namba za wauzaji wetu wote. Nimezinakili kutoka kwenye mikataba, si kutoka kwenye barua pepe. Lipo droo ya juu, upande wa kulia wa printa.