Msikilize mdomo, lakini mtazame mikono

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtoto wa miaka 5 akishikilia kwamba maji yaliyohamishiwa kwenye glasi ndefu yameongezeka, asahihishwe au aachwe?

Kwanza apimwe sawasawa. Jaribio hili la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, linaonekana jepesi, na ndiyo maana huharibiwa sana. Tafuta glasi mbili pacha na ya tatu ndefu, nyembamba. Mpe mtoto jagi asawazishe mwenyewe maji ya zile pacha, aongeze na kupunguza mpaka aridhike. Asiporidhika hapo, jibu lolote litakalofuata ni bure. Hakikisha anatazama unapohamishia maji ya glasi moja kwenye ile ndefu. Ndipo umwulize, mara moja tu: "Yako sawa, au kuna glasi yenye maji mengi zaidi?" Kisha: "Umejuaje?"

Mara moja, nasisitiza. Mtu mzima akirudia swali lile lile kabla na baada, mtoto hudhani alikosea mwanzo, naye hubadilisha jibu. Mwaka 1974 watafiti McGarrigle na Donaldson, katika jaribio kama hili la safu mbili za vitu zilizo sawa, walimtumia dubu wa kuchezea "mtundu" avuruge safu moja, isionekane kuwa mkubwa ndiye aliyekusudia. Watoto wa miaka 4 hadi 6 waliojibu kwamba safu bado ni sawa waliongezeka sana.

Kinachopimwa ni sababu, si neno "sawa", ambalo hata kwa kubahatisha hutoka. Aliyeelewa atasema ni maji yale yale, au ukiyarudisha yatalingana, au hii ni ndefu lakini nyembamba. Wengi hufika hapo karibu na miaka 7. Kuelewa kwamba donge la udongo lililobadilishwa umbo lina uzito ule ule huchelewa miaka miwili hivi zaidi, kwa hiyo aliyeweza maji asionekane mvivu akishindwa udongo.

Sasa jibu lenyewe. Mtazame mikono anapoeleza. Mdomo ukisema "hii ndefu" na mikono ikionyesha urefu huo huo, mwache acheze na maji. Ukimlazimisha atakariri "sawa", na ukibadilisha chombo tu imepotea. Lakini mdomo ukitaja urefu huku vidole vikipima upana, yuko njia panda. Watafiti Church na Goldin-Meadow walionyesha mwaka 1986 kwamba watoto wa namna hii ndio hufaidika zaidi wakifundishwa. Huyo ndiye wa kusahihishwa, tena bila hotuba: mwache ayarudishe maji polepole kwenye glasi ya kwanza, akitaja kinachopungua na kinachoongezeka.