Maji ya Mito Yakichepushwa, Samaki Huenda Wapi?

SWALI: Nauza samaki Feri. Nasikia Bahari ya Aral, Asia ya Kati, iliishiwa samaki baada ya mito kuchepushwa. Kwani wasingehamia kwenye kina? Na bomba la maji kutoka Ziwa Victoria kwenda Shinyanga, halitawaletea sato wetu yaleyale?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Kina hakikuwaokoa, ndugu. Aral ni ziwa. Bahari ni jina tu. Tangu miaka ya 1960 maji ya mito inayoliingia, Amu Darya na Syr Darya, yalielekezwa zaidi kwenye mashamba ya pamba. Jua likaendelea kukausha ziwa, chumvi ikabaki: kutoka gramu 10 hivi kwa lita hadi zaidi ya 30. Samaki mkubwa huvumilia kwa muda. Mayai na vifaranga ndio hufa kwanza. Tena mazalia yao, kwenye matete ya maji mafupi karibu na midomo ya mito, yalikauka mapema. Nyavu zikaleta wazee tu, kisha zikaja tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa kibiashara ulikwisha.

Tuta la Kok-Aral, lililokamilika 2005, lilizuia maji ya Syr Darya upande wa kaskazini. Chumvi ikashuka, samaki wa maji baridi wakarudi.

Bomba la maji ya kunywa kutoka Ziwa Victoria kwenda Shinyanga si la kulinganishwa na hayo: ziwa hilo hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kwa mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Kwa sato, hofia zaidi kufyekwa kwa matete ya ufukweni, wanakokulia vifaranga.