Choo kurudisha maji muda mfupi baada ya kunyonya tangi

Kunyonya tena hakutasaidia kama shimo la kunywea maji, yaani lile linalopokea maji ya tangi ili yazame ardhini, limeziba. Tangi la maji taka kwa kawaida hujaa hadi usawa wa bomba la kutokea. Tope hukaa chini, mafuta huelea juu, maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda ardhini.

Fungua mfuniko utazame. Maji yakiwa juu ya bomba la kutokea, tatizo liko mbele: bomba limeziba, au udongo umezibwa na tope lililovuka. Yakiwa usawa wake wa kawaida, kizuizi kiko kati ya nyumba na tangi. Kagua pia tii ya kutokea, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la T kinachozuia mafuta yasitoke na maji. Ikivunjika, mafuta hupita moja kwa moja na kuua shimo la kunywea, na hilo ni ghali kuliko tangi lenyewe.

Nyonya tope na mafuta yakifika theluthi ya kina, mara nyingi kila miaka 3 hadi 5. Maji ya mvua yasiingie humo. Na tafadhali, mtu asishuke ndani hata likiwa tupu: gesi yake huua kwa dakika chache.