Richfield Coliseum: maswali yenu kuhusu ukumbi uliogeuka nyika

Tangu nilipoutaja hapa ukumbi wa Richfield Coliseum, uliokuwa katika jimbo la Ohio nchini Marekani, maswali yamekuwa mengi. Leo najibu manne.

Kwa nini ukumbi wa watu 20,000 ujengwe mashambani?

Ni hesabu ya Nick Mileti, mwanzilishi wa timu ya mpira wa kikapu ya Cleveland Cavaliers. Aliona miji ya Cleveland na Akron inapanuka kila mmoja kuelekea mwenzake, akaamini itakutana njiani. Akajenga katikati. Ukafunguliwa Oktoba 1974 kwa onyesho la Frank Sinatra. Miji haikukutana.

Ni kweli Muhammad Ali alipigana pale?

Kweli kabisa, na swali hili nimelipenda kuliko yote. Ilikuwa Machi 24, 1975, pambano lake la kwanza tangu amwangushe George Foreman kule Kinshasa. Mpinzani alikuwa Chuck Wepner wa New Jersey, ambaye wengi hawakumpa nafasi hata kidogo. Raundi ya tisa Ali akaenda chini! Wepner alishikilia kuwa ni ngumi yake. Ali alisema alikanyagwa mguu. Alipoinuka alimwadhibu mwenzake vikali, lakini Wepner alivumilia hadi raundi ya 15. Pambano lilisimamishwa zikiwa zimebaki sekunde 19 tu. Sisi tuliokulia kwenye simulizi za Kinshasa tunapaswa kuujua na usiku huu, maana ni bingwa yule yule, miezi mitano tu baadaye.

Lile shuti la Michael Jordan lilipigwa hapo?

Hapo hapo, Mei 7, 1989, mchezo wa tano na wa mwisho wa raundi ya kwanza ya mtoano wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kati ya Cavaliers na Chicago Bulls ya Jordan. Craig Ehlo alikuwa ameipa Cavaliers uongozi wa 100–99, zimebaki sekunde tatu. Jordan akaruka, Ehlo akaruka naye, Ehlo akatua kwanza, Jordan akafunga. Chicago Bulls 101–100. Namhurumia Ehlo hadi leo, kwa sababu kikapu chake kimesahaulika.

Kwa nini ulibomolewa?

Barabara ya kuingilia ilikuwa nyembamba, na usiku wa mechi magari yalisongamana, theluji ikianguka ndiyo balaa. Vyumba vya matajiri, vinavyoingizia timu fedha nyingi, vilikuwa vichache na viko juu kabisa, mbali na uwanja. Mwaka 1994 Cavaliers wakahamia ukumbi mpya katikati ya Cleveland. Coliseum ulikaa mtupu miaka mitano, ukabomolewa 1999.

Ardhi ile sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Cuyahoga Valley. Lami na zege viliondolewa, nyasi zikaachwa ziote. Ndege aina ya bobolink, wanaohamia Amerika Kusini kila mwaka na kurudi, hutaga mayai chini kwenye nyasi hizo, pale ulipokuwa ukumbi na maegesho yake.