Alamu za simu kwa fundi anayeshona nyumbani

Dada, umesema unashona nyumbani, unategesha alamu sita kwa siku, na zote unazizima bila hata kuinuka kwenye kiti. Pole sana. Nami ni fundi, nimepita hapo hapo.

Kwanza zipunguze. Alamu ikilia kila mara, sikio huizoea. Bakiza tatu, na kila moja uipe jina la kazi yenyewe: "kata gauni la harusi", si "kazi" tu. Simu iweke mbali; mimi huiweka juu ya kabati la vyombo, kuizima lazima nisimame.

Kwa kazi ndefu, jaribu mtindo wa Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyeuanza miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Kwa kukata vitambaa unafaa sana. Kwa kutia zipu, usiache kazi katikati. Alamu ikilia, maliza mshono kwanza, kisha weka alama ya chaki kwenye kitambaa pale ulipoishia. Chaki hiyo imeniokolea nguo nyingi, maana nikirudi sibahatishi.

Na kwa kuwa watoto wako wanatoka shule saa nane, tegesha ya kufunga kazi saa saba na nusu, yenye mlio wake tofauti. Nusu saa hiyo kunja nguo, fagia vipande, andika oda za kesho. Muda huo usiuguse hata mteja akipiga simu.